Usitoke Mpaka Nirudi

Torino, 4 Machi 1984

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepunguza makeke. Huku theluji haijatuacha bado. Kiwandani wametupa siku sita za Pasaka, kwa hiyo tunakuja, mimi na Dario. Najua utasema mtu wa kaskazini hajui kula. Mpe nafasi.

Bibi, nina mimba. Daktari anasema Oktoba. Nimekuambia wewe wa kwanza, kabla hata ya mama yake Dario, usije ukasema nimekuficha.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza: Jumatatu ya Pasaka Dario anataka tupande ile treni ndogo inayopita nyuma ya nyumba yako. Amekaa na penseli akapiga hesabu. Ukibeba chakula chako, kwa siku moja unaona magofu ya Pompei asubuhi, mlima wa Vesuvio mchana, na unarudi jua halijazama, kwa bei ya pizza mbili. Nataka uje nasi. Umeishi miaka arobaini hatua mia kutoka stesheni na sijawahi kukuona ukiipanda treni hiyo. Nilipokuwa mdogo ulitupeleka baharini kwa basi, tukitapika njia nzima, na treni inatupita.

La pili: akiwa wa kiume, tunataka kumwita Antonio, jina kamili la mjomba Tatonno. Tangu Mama afariki nimebaki na wewe tu, na kwetu jina hilo halina mtu wa kuitika. Limebaki kwa lile fuvu lake juu ya kabati lako. Nilimbusu kila Jumatatu ya utoto wangu. Naona ni haki yake.

Dario anauliza pia kama tukuletee cherehani ya umeme. Macho yako si ya kushonea mkono tena.

Mjukuu wako,
Ornella

—

Napoli, 12 Machi 1984

Ornella,

Salamu zimefika. Magoti ni yangu, yaache.

Mimba ni habari njema. Kula maini, usinyanyue ndoo, na usikae kwenye baraza la mawe, baridi hupanda. Huyo Dario sina neno naye. Mara ya mwisho alikata tambi kwa kisu mezani kwangu, nami nikanyamaza kwa sababu marehemu mama yako alikuwa ananitazama pale pichani. Kwa hiyo usiseme sina adabu.

Safari siendi. Watu wazima wanalipa nauli kwenda kukodolea macho maiti za watu. Hao waliofia Pompei walikuwa na mama zao, hawakufa ili Dario apige picha. Na mlima nikiutaka nafungua dirisha la jikoni, nauona bure. Silifungui. Hiyo treni nayo inapita kila nusu saa, vikombe vyangu vinagongana rafuni, inanitosha.

Jina la Antonio hapana. Usiniulize. Lina mwenyewe, na mwenyewe hajamaliza kulitumia. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake mzaa baba, ndivyo watu wanavyofanya. Ulishafunga ndoa mbele ya diwani badala ya padri, sasa na hili unataka kulipindua?

Cherehani msilete. Ikiingia mlangoni mimi natokea dirishani. Nimeshona kwa mkono magauni ya harusi ya mtaa mzima na hakuna hata moja lililofumuka, zilizofumuka ni ndoa.

Njooni Pasaka. Nitaoka keki mbili za ngano, moja mle, moja mrudi nayo mkawaonyeshe hao wa huko kitu kinachoitwa keki.

Bibi yako,
Ersilia

—

Torino, 29 Aprili 1984

Bibi,

Asante kwa keki. Asante na kwa kile kimanda cha tambi ulichotufungia katika gazeti Jumatatu ile asubuhi, ingawa ulitusukumia mlangoni na ukafunga kabla Dario hajashukuru. Njia nzima alikuwa ananiuliza amekukosea nini. Nilimwambia ndivyo ulivyo. Sasa sijui tena ulivyo, ndiyo maana naandika.

Ulituuliza tuliporudi, "Mmeona?" nikasema tumeona, ukasema "Haya, nendeni mkalale." Kuna nililoliona nikashindwa kukuambia usoni.

Pale Pompei kuna kitoto ndani ya kioo. Mwili ulioza zamani ndani ya majivu ya mlima, wakamwaga plasta kwenye uwazi uliobaki, umbo likatoka zima: magoti, ngumi, hata mkunjo wa nguo. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Angalia, kama anasubiri kuitwa." Nikatoka nje kutapika. Nikajiambia ni mimba.

Tukarudi kwa treni mpaka Ercolano, tukapanda basi la mlimani. Juu palikuwa na ukungu. Basi linapogeuzia kuna bibi mmoja mwenye meza, anauza mvinyo na vipande vya mawe. Akanikazia macho.

"Wewe ni wa nani?"

"Natoka Napoli, Bibi."

"Sijauliza unatoka wapi. Nimeuliza wa nani. Pua hiyo ni ya Ersilia wa San Sebastiano."

Nikasema ndiyo, ni bibi yangu. Akaketi. "Yu hai? Haya. Mwambie Rachele wa mwokaji mikate bado anamwashia mshumaa yule mtoto wake."

Nikamwambia wewe mwenyewe unamwashia, kila Jumatatu, kwamba mjomba Tatonno alikufa kwa homa huko mjini wakati wa vita na fuvu lake tunalo nyumbani. Akafuta mikono kwenye aproni, akanishika kiwiko, akanigeuza upande wa bonde. Pana mto wa jiwe pale, wa kijivu, umeshuka kutoka juu mpaka kwenye nyumba.

"Antonio wa Ersilia yuko chini ya lile," akasema. "Tangu Machi ya arobaini na nne. Homa ya wapi, mwanangu?"

Bibi, fuvu nililokuwa nikilibusu ni la nani?

Ornella

—

Napoli, 7 Mei 1984

Ornella,

Rachele ni mwongo tangu ana meno ya utoto. Baba yake alitia chaki kwenye unga, na yeye akijua, akituuzia huku anatabasamu. Huyo ndiye shahidi wako? Mtu anayesimama mlimani kuwauzia Wajerumani kokoto?

Tatonno alikufa kwa homa. Mwaka ule wa homa ya chawa walikufa watoto mtaa mzima, wakawatupa wote katika pango la mifupa ya maskini, na mimi nikamtafuta nikamwona. Mama anamjua mwanawe. Umekula mkate wangu tangu una miaka kumi na miwili, leo unaniandikia kama polisi.

Mwambie na mumeo aache kuburuta mwanamke mjamzito milimani kwa sababu ni bei rahisi. Cha rahisi hukigharimu kingine.

Huyo mtoto wa kwenye kioo, alikuwa na viatu?

Hapana, usinijibu. Nimeandika kwa kalamu ya wino, siwezi kufuta.

Ersilia

—

Torino, 19 Mei 1984

Bibi,

Nakuandikia nikiwa kitandani. Nimetoka damu. Daktari anasema nilale chali mpaka aseme yeye, labda wiki, labda miezi, na mtoto bado yumo, moyo wake unasikika.

Sina nguvu ya kugombana. Ila nalala hapa kutwa nzima namwita Antonio, jina lilishanikaa mdomoni kabla hujalikataza, na kila nikimwita nakumbuka ulivyosema mwenyewe hajamaliza kulitumia. Naogopa. Kama jina hili lina kitu, niambie nijue ninamwitia nini mwanangu. Nina wewe tu wa kumuuliza.

Viatu sikuviona.

Ornella

—

Napoli, 26 Mei 1984

Ornella mwanangu,

Nimetuma shuka mbili na mafuta ya zeituni kwa mtoto wa jirani yangu Immacolata anayekuja huko. Lala chali kama ulivyoambiwa.

Sasa nyamaza usome, sitaandika mara mbili.

Babu yako alikuwa mateka wa vita wa Waingereza, huko Kenya, anavunja mawe ya barabara. Mimi nilikuwa San Sebastiano, kijijini chini ya mlima, na mama yako, miaka mitatu, na Tatonno, sita. Mlima ulipofunguka hatukukimbia kama watu wa Pompei. Lile jiwe la moto lilikuja polepole, mwendo wa kizee anayetoka kanisani. Ukiliangalia unaona tuna wakati. Watu waling'oa milango, madirisha, vigae vya paa, wakapakia mikokoteni. Na mimi nikang'oa. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na kiburi, nilitaka isemwe Ersilia hakuacha hata msumari.

Ilikuwa imebaki cherehani ya mama mkwe wangu, ya chuma, siwezi kuibeba peke yangu. Na wezi walikuwa wengi siku zile kuliko majivu. Nikamweka Tatonno chumba cha nyuma, akae juu ya kiti mbele ya cherehani. Nikamwambia, "Lindia hapa. Usitoke mpaka nirudi." Naye alikuwa mtoto wa miguu, hatulii. Basi nikamvua viatu nikaviweka mkokotenini, ili asipate wazo la kutoka, maana ardhi ilishapata moto.

Nikamchukua mama yako mgongoni, nikasukuma mkokoteni mpaka barabarani, nikampata mtu wa kunisaidia. Tulipogeuka, jiwe lilikuwa limepita kichochoro cha nyuma, ambako hakuna aliyeangalia. Askari Mmarekani akanishika kiunoni. Nilimng'ata mkono mpaka mfupa, hakuniachia, Mungu amlipe, sijui kwa lipi. Jiwe lile likitembea linalia kama sahani zinazovunjika, maelfu ya sahani. Nikamwita, "Tatonno, toka!" Ndani ya zile sahani nilimsikia. Aliuliza, "Mama, nitoke sasa?" Nikamjibu. Yeye hakunisikia. Angesikia angetoka, alikuwa msikivu. Ukuta ukalala.

Hiyo ndiyo homa yake.

Unakumbuka ulivyolia mwaka mpya kwa sababu mtaa mzima wanatupa sahani kuukuu madirishani na mimi nikakukatalia? Ndiyo hivyo.

Babu yako aliporudi aliniuliza mara moja. Ningemwambia nini, kwamba mwanao alikuwa analinda cherehani ya mama yako? Nikasema homa. Kisha ikabidi pawe na mifupa. Nikaenda pangoni, wanawake wote tulikuwa tunakwenda, kila mmoja na fuvu lake la kuangalia, unalisafisha, unaliombea, roho iliyo toharani inapata tone la maji baridi na wewe unapata baraka. Nikachukua lililo dogo kuliko yote. Nilikuwa na mtoto asiye na mifupa, na pale palikuwa na mifupa isiyo na mama. Nikaliosha kwa spiriti nikaliita Tatonno. Wakubwa wa kanisa walipolifunga pango nikaondoka nalo kapuni chini ya mboga za atichoki, na padri akanisaidia kubeba kapu.

Kwa hiyo uliyembusu simjui. Ni mtoto wa watu. Miaka arobaini nabisha kwa sala kwenye mlango usio wake, na wangu yuko kule hana hata tone.

Jina halina laana. Mimi ndiye niliye nayo. Sasa umeshajua, nichukie ukiwa umelala chali.

Ersilia

—

Torino, 2 Juni 1984

Bibi,

Sikuchukii. Dario amenisomea barua yako, maana mimi niliishia kwenye viatu. Naye akashindwa kuimaliza, akaenda kusimama jikoni. Akasema, mwambie yule bibi aje akae hapa, tambi nitakula kwa mikono akitaka.

Damu imepungua, haijaisha.

Nimelala nikawaza neno moja tu. Ulimwambia usitoke mpaka nirudi. Bibi, hujarudi.

Nakuwekea humu ile karatasi ya hesabu ya Dario, ina saa za treni.

Ornella

—

Napoli, 12 Juni 1984

Ornella mwanangu,

Nimekwenda. Jana Jumatatu, siku yao walio toharani.

Nilifunga kimanda cha tambi na chupa ya maji. Kwenye kapu nikaweka yule mtoto wa watu, nimemzungushia kitambaa cheupe, na chini yake vile viatu. Ndiyo, ninavyo. Lile boksi ulilodhani ni la mishumaa. Nilikuwa nimeamua: nakwenda kumweka yule pale juu ya jiwe, jirani na mwanangu, nimalize.

Stesheni nilisimama nikaacha treni mbili zipite. Mwenye kufagia akaniuliza, "Bibi, unasubiri mtu?" Nikamwambia fagia. Ya tatu nikapanda. Imejaa Waingereza wekundu kama kamba wa kuchemsha, mmoja akataka kuniwekea kapu juu kwenye chuma. Nilimtazama, akarudisha mkono.

Karatasi ya Dario inaanza na Pompei, basi nikaanza na Pompei. Mwambie tiketi ya kuingia amekosea, wazee ni bure. Nikafika kwenye kioo. Watu wanapiga picha. Nikapiga magoti, haya magoti, ili niwe sawa na uso wake. Miguu nimeiangalia. Sitakuambia. Pana vumbi sana mle, macho yalikuwa yananitoka maji.

Kisha Ercolano, kisha basi. Rachele yupo mezani kwake. Amezeeka vibaya, amebaki pua na sauti. Nikamwambia, "Bado unauza kokoto?" Akasema, "Na wewe bado unatembea umenyanyua kidevu, hujajikwaa?" Akafunga meza, akanishika mkono, tukashuka kwenye lile jiwe, njiani nikamweleza yote. Limeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya paka, na vichaka vya maua ya njano katikati. Linauma miguuni. Tukaenda mpaka tunaona mapaa ya kijiji kipya, Rachele akasema, "Usawa wa hapa, kule chini."

Nikatoa viatu. Nikaviweka vikitazama huku, kamba nimeziacha wazi kwa sababu alikuwa hajui kufunga. Nikatoa na yule mwingine, nikaanza kumlaza.

Rachele akasema, "Na huyu wa watu unamwacha hapa akulindie nini?"

Ornella, nilikaa chini. Mwanamke yule tangu utoto hakuwahi kusema kweli, akaamua kuanza nayo jana. Nikamrudisha mtoto wa watu kapuni, nikamfunika, nikamwomba radhi kwa kumwita jina lisilo lake.

Kisha nikasimama. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ndege. Nikasema, sikupiga kelele, ya nini, "Tatonno. Nimerudi. Toka sasa."

Sikuona kitu. Upepo ukapita kwenye yale maua, basi. Rachele akasali. Tulipopanda kurudi, nilisikia kokoto zinatembea nyuma yetu, hatua ndogo, anakimbia kidogo, anasimama, anakimbia. Rachele naye alisikia, maana alinibana mkono. Hatukugeuka. Mawe yale yamelegea, yanaporomoka yenyewe, kila mtu anajua.

Ercolano stesheni nikapeleka hela dirishani, nikasema, "Napoli, moja." Yule kijana wa tiketi akakata mbili, moja nzima, moja ya nusu. Nikamwambia, "Wewe, nimesema moja, unataka kuniibia?" Akanyanyuka kwenye kiti, akachungulia chini upande wangu, akasema, "Bibi, huyo aliyekushika sketi amezidi miaka minne, lazima alipe."

Sikugeuka. Nililipa.

Treni ilijaa watu wakasimama, na kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyeuliza. Kapu nililiweka miguuni kwangu. Mkaguzi akapita, nikampa zote mbili, akazitoboa, akaenda.

Nimefungua dirisha la jikoni. Mlima upo, umekaa tu. Vikombe bado vinagongana treni ikipita, nimevisogeza.

Tiketi ya nusu nimekuwekea humu, ina tundu lake. Usiipoteze, sina nyingine. Yule mtoto wa watu ni wangu, atabaki juu ya kabati, ila anataka jina lake mwenyewe. Lifikirieni wewe na Dario, lisiwe la mtu wa kwetu.

La Antonio lichukueni.

Sasa nisikilize. Huyo uliye naye tumboni mwambie akae. Mwambie hivyo kila siku, kwa sauti, wewe na baba yake: kaa, bado, kaa. Nakuja wiki ijayo na treni kubwa, nitamwambia na mimi, mimi najua kuwaambia watoto wakae. Lakini Oktoba siku yake ikifika, akiuliza, usiwe na kitu kingine mikononi. Mjibu mara ya kwanza: toka, nipo hapa.

Bibi yako,
Ersilia